Binti wa Kwenye Kuta

"Simamisha gari, kaka," mjane alisema ghafla.

Kaka yake akakanyaga breki, kreti za soda zikagongana nyuma. Kwenye ukuta wa duka la dawa alichorwa msichana wa shule akinywa maji, kopo limemficha nusu ya uso. Rangi ilikuwa imebanduka magotini, lakini kazi ile ilikuwa ya marehemu mumewe. Hakuhitaji kuambiwa.

"Shemeji alikuwa fundi," kaka akasema. "Ila mtoto huyu nimemwona pia mji tuliotoka, pale kwa kinyozi. Alikuwa mdogo kidogo, anafunga viatu."

Mjane akarudisha macho ukutani. Mumewe alikuwa akiondoka miezi mizima kuchora kuta za maduka ya miji midogo, na akirudi hana la kusimulia. Mtoto wao wa pekee alipofariki kwa homa, hata kutembea hajaanza, mwanamume yule alikunja nguo za mtoto akazifungia sandukuni, asimtaje tena. "Una moyo wa jiwe," mkewe alizoea kumwambia. Kumbe alikuwa na mtoto wa nje, tena kamtangaza barabara nzima!

Walipofika kwenye hoteli ya njiani, hakugusa chakula.

Mji uliofuata, kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, binti yule alikuwa mtu mzima. Amesimama, anacheka, nywele kazibana nyuma. Chini ya sikio la kushoto kilining'inia kinyama kidogo kama punje ya mtama.

Mjane akashuka, akausogelea ukuta. Kinyama kile alikuwa akikibusu kila alipomnyonyesha mwanawe.

Msagaji akatoka, unga umemjaa kwenye nyusi. "Unamfahamu, mama?"

"Mchoraji alikwambia ni nani?"

"Binti yake. Alisema kila mji anamwongezea umri kidogo. Nikamuuliza, sasa yuko wapi? Akaniambia, 'Yuko kwa mama yake.'" Akajipangusa uso. "Mtazame leo leo. Jumatatu watu wa kampuni ya simu wanakuja kupaka ukuta rangi yao."

Mjane akaomba ndoo ya maji. Akavua mtandio, akauchovya, akaanza kumfuta binti vumbi miguuni.

"Dada, ukuta wenyewe unafutwa," kaka akasema taratibu.

"Nisubiri kwenye gari."

Akapanda akifuta magotini, kiunoni, vidoleni. Alipofika mabegani akajinyoosha, akasimama kwa ncha za vidole, mtandio ukimchuruzikia kwapani. Uso haukufikika. Binti alikuwa amemzidi kimo.