Kamba ya Kuku Mgeni

Nilimwokota kwenye mtaro kando ya barabara kuu, siku lori la matenga ya kuku lilipofunga breki ghafla na tenga moja likapasuka. Wenzake walikamatwa wote. Yeye alikuwa amejikunyata, kifua hakina manyoya, kucha ndefu zimejipinda. Kuku aliyekulia juu ya wavu wa waya, udongo hajawahi kuukanyaga. Dereva aliniona nikimtia ndani ya koti, akapunga mkono.

"Chukua tu, mzee. Huyo hana faida."

Dada yangu alinifungulia mlango akashika kiuno. "Makubwa! Kiguu na njia kaleta mgeni."

Ndivyo anavyoniita. Mimi nina miaka sabini na moja, yeye sabini na minne, fundi cherehani, na chumba chake cha kazi ndimo ninamolala kila ninapopita. Safari hii nilipanga kukaa siku tatu tu. Begi langu lilikuwa mlangoni, halijafunguliwa, mkanda wake wa katani ukining'inia. Mkanda huo niliusokota mwenyewe, mimi mtu wa mashoto, baada ya ule wa dukani kukatika. Kuku nikamtengea boksi hapo hapo kando ya begi, maana ndipo jua linapoingia.

"Akipata nguvu naondoka," nikamwambia dada.

"Na asipopata?"

"Naondoka vilevile."

"Sasa kuku kaingiaje katika maneno haya?"

Nikainama kumwekea kuku maji.

Wiki ya kwanza alikula kama mtu aliyealikwa. Ya pili akaanza kusimama amenywea, macho nusu.

"Ameshiba huyo," dada akasema. "Hebu mtazame kifua."

Kweli, chini ya shingo palikuwa na donge kama limau. Hapo ndipo lilipo gole, kifuko ambamo ndege hutunza chakula kabla hakijashuka tumboni. Lakini kesho yake asubuhi, kabla hajadonoa hata punje, donge lilikuwa pale pale, na kinyesi kilikuwa maji ya kijani matupu. Shule nilisoma vipande vipande, darasa hapa, darasa kule, ila kutoa na kujumlisha najua. Kilichoingia jana hakijatoka. Nikampapasa mfupa wa kifua, mkali kama kisu. Kuku alikuwa anakufa njaa huku ameshiba.

Nimetembea nchi nyingi na jambo hilo sikuwahi kuliona. Likaninyima utulivu. Nikachukua futi ya dada nikamzungushia kuku pale kwenye donge.

"Unamkatia gauni?"

"Inchi kumi na nusu. Andika."

"Mimi naandika vipimo vya wateja wanaolipa," alisema, na akaandika.

Mtaa wa pili kuna daktari wa mifugo, mama mwenye duka dogo la dawa. Nilimkuta kidole gumba cha mkono wa kulia kimefungwa bendeji, kaumwa na mbwa wa watu. Alibonyeza lile donge kwa mkono wa kushoto, akanusa mdomo wa kuku, akakunja uso.

"Gole limeziba. Nafaka marufuku. Mpe mafuta ya kula, kijiko kidogo, na maji ya uvuguvugu, halafu ukande taratibu asubuhi na jioni. Usimgeuze kichwa chini, atapaliwa afe mikononi mwako. Ijumaa mlete. Kama halijashuka nitalifungua, na nikishindwa tutamchinja. Kumwacha hivi ni kumtesa."

Ilikuwa Jumanne.

Nikakanda. Kuku nimempakata, cherehani ya dada inanguruma, vidole vyangu vinatafuta ndani ya donge ni nini hasa. Mahindi hayawi hivyo. Udongo nao hauwi hivyo. Lilikuwa kama soksi zilizoviringishwa kama mpira, ukibonyeza linabonyea, ukiachia linarudi. Kuku alifumba macho akatoa sauti ndogo ya kooni. Sijui ilikuwa raha au maumivu, na hilo nalo nilitaka kulijua.

Alhamisi nikaona mkanda wa begi umekonda, umebaki nusu ya unene wake.

"Dada, panya wako wanakula mali yangu."

"Panya wangu? Panya gani huyo anaacha gunia la unga anakula katani? Huyo panya atakuwa msafiri kama wewe."

Ijumaa, inchi kumi na nusu. Nikamtia kuku kwenye koti nikatoka. Nyuma yangu nikasikia mlango ukifungwa kwa ufunguo. Dada alikuwa ameacha suti ya mteja chini ya sindano, mchana kweupe, akanifuata. Jambo hilo nalo sikuwahi kuliona.

Daktari alichoma sindano ya ganzi, akanyonyoa manyoya machache, kisha akatutazama.

"Kukata nitakata. Kushona kwa gumba hili sitaweza. Nani ana mkono mzuri?"

Dada alikuwa ameshavaa miwani.

Nilishika mabawa. Daktari alipasua ngozi, kisha gole lenyewe, mpasuo mdogo kama kifundo cha kidole, akaingiza koleo. Kilichotoka kilikuwa kirefu, cha kahawia, kimesokotwa. Akavuta, kikazidi kuja. Kilikuwa kimesokotwa kwenda kushoto, kama anavyosokota mtu wa mashoto.

Dada aliitambua katani ya begi langu kabla yangu. "Panya huyo," akasema.

"Kuku wa kwenye waya hajui funza ni nini," daktari akasema. "Kitu kikining'inia mbele yake, anadonoa."

Na aliyemning'inizia ni mimi.

"Watu husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni," dada akasema huku akitia uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu, bila kulamba. "Wewe wako umemfunga tumboni."

"Ni kama koti," daktari akamwelekeza. "Gole ni bitana, ngozi ni kitambaa. Funga bitana peke yake kwanza, ndipo..."

"Mama, unanifundisha bitana mimi?"

Akapiga mishono saba ndani, sita nje. Moyo wa kuku ulikuwa unagonga kiganja changu, na kila mshono nilidhani ndio wa mwisho wake.

Siku mbili tulimlisha uji mwepesi, kidogo kidogo. Ya tatu, kulipokucha, nikaingiza mkono ndani ya boksi. Gole lilikuwa tupu kama mfuko wa shati langu. Nikapiga kelele. Dada akaja mbio, sabuni usoni.

"Kafa?"

"Ana njaa!"

Siku hiyo nikamwomba anishonee begi mkanda mwingine, wa kitambaa kigumu. Alimwaga vitu vyangu kitandani, akaliweka begi chini kabisa ya rundo la kazi za wateja.

"Foleni," akasema. "Wako kumi na wanane mbele yako."

Nikawa nalitazama rundo kila siku likipungua. Kuku akaota manyoya, akajifunza kuparua, akataga yai moja lenye ganda laini ambalo tulilishangaa asubuhi nzima. Jana zilibaki suruali mbili juu ya begi. Nikavua koti langu, ambalo bitana yake ilichanwa na kucha za kuku siku ile ya mtaroni, nikaliweka juu ya suruali.

Dada alishusha miwani. "Na hili?"

"Hilo halina haraka," nikasema, nikaenda kutafuta futi nimpime kuku.