Vidonge vya Magoti ya Muhidin

Mwaka ule wa sitini na moja, miezi kadhaa kabla ya Uhuru, nilipanga chumba Igogo, Mwanza, nyumbani kwa Muhidin, fundi wa mashua. Nilikuwa nimetoka mgodini Geita na mgongo mbovu, begi moja na mkebe wa vidonge vyekundu vya maumivu nilivyopewa huko. Nilisema nitakaa wiki mbili. Nikakaa miezi sita, na kwa mtu kama mimi hiyo ni mingi.

Kazi ya Muhidin ilikuwa ya kupiga magoti. Kutwa yuko chini ya mashua, anashindilia pamba kwenye nyufa za mbao. Jioni hainuki mpaka ashike ukuta. Nikamhurumia, nikampa vidonge viwili. Kesho yake akaniambia amelala kama mtoto. Basi nikamwonyesha duka linalouza vidonge vile vile, naye akawa anaviweka mfuko wa shati pamoja na penseli yake ya useremala. Asubuhi viwili, mchana viwili, jioni viwili.

Mwezi wangu wa tatu pale, miguu ikaanza kumvimba. Kichwa kinamgonga kisogoni, na siku moja damu ikamtoka puani, ikadondokea mbao. Nikampeleka zahanati kwa Kashindye, dresa aliyetibu watu pale, Msukuma mwenzangu. Akamfunga mpira mkononi, akaujaza upepo, akasikiliza, kisha akarudia kana kwamba haamini. Presha mia mbili na kumi. Akamwuliza kama kuna dawa yoyote anayotumia. Muhidin akasema hakuna. Nami nilikuwa pale, nikaitikia hakuna. Wala hatukukusudia kudanganya. Kwetu dawa ilikuwa kitu cha mgonjwa, na magoti ya Muhidin hayakuwa ugonjwa, yalikuwa kazi. Kashindye akamwambia apunguze chumvi.

Neno hilo la chumvi ndilo alilorudi nalo nyumbani.

Mkewe Immaculata alikuwa Mhaya wa Kamachumu, Mkatoliki. Walioana bomani, na Mwanabaraka, dada yake Muhidin aliyekaa nyumba ya pili, hakuitambua ndoa ile hata siku moja. Muhidin akamwuliza mkewe ni nani anayemtilia chumvi. Immaculata akaacha chumvi kabisa. Ndizi hazina chumvi, sato hana chumvi, tukala hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili tukarudi zahanati: mia mbili na ishirini.

Mwanabaraka akasema, taratibu tu, huku anachambua mchele, "Kama si chumvi, kaka, basi uliza ni nini."

Tangu siku hiyo Immaculata alitakiwa ale tonge la kwanza mbele ya wifi yake, amalize, wangoje, ndipo Muhidin anawe mikono. Hata maji ya kunywa aliyaonja. Muhidin akapekua sanduku la mkewe, akakuta majani makavu yamefungwa kitambaani. Mama wa watu akayachukua, akayatafuna yote mbele yetu, akarudi kumenya ndizi. Nami sikuwa bora kuliko wao. Nilianza kula sokoni, nikisingizia kazi. Usiku nikisikia mfuniko wa sufuria, nakaa kitandani nasikiliza.

Chakula kilionjwa mbele ya kila mtu. Vile vya mfukoni hakuna aliyevifikiria, kwa kuwa vilitoka mkononi mwake mwenyewe.

Siku moja mgongo ulinizidi, nikaenda kwa Kashindye kuomba kitu kikali zaidi. Nikatoa mkebe wangu, nikamwonyesha ninachomeza. Akaugeuza geuza.

"Hivi vinazuia maji na chumvi mwilini, visitoke," akasema. "Mtu anavimba, presha inapanda. Kuna mwingine unayempa?"

Nikasema hakuna.

Nilikaa na jibu hilo siku tatu. Ya nne, Muhidin akaniambia amekata tiketi ya meli ya Bukoba, Alhamisi anamrudisha Immaculata kwao, na wazee wa huko wataambiwa wote kwa nini. Mwanamke akirudishwa kwa neno kama hilo la ulozi, hakuna atakayepokea hata kikombe mkononi mwake. Nikamwambia Muhidin yote, ya mkebe, ya dresa, hata ya uongo wangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, penseli sikioni.

"Kwa hiyo mko wawili, wewe na yeye," akasema.

Immaculata alikuwa mlangoni. Hakulia, wala hakubishana. Alimwomba mumewe kitu kimoja tu: aache vidonge wiki tatu, ale chakula anachompikia yeye, kisha Kashindye apime. Namba ikiwa ile ile, atapanda meli na atasema mwenyewe kwao kwamba ni mlozi.

Muhidin akakubali, nadhani kwa hamu ya kumkamata. Wiki tatu zile alitambaa. Mashua ya watu ilikaa juu ya magogo, na nilimsikia akiguna kila alipokwenda chooni. Lakini miguu ikanywea. Viatu vikaingia.

Siku ya kupima tulikwenda wote, na Mwanabaraka nyuma yetu. Kashindye akapima mara mbili. Mia moja na hamsini na tano. Akasema bado iko juu, arudi kila wiki, ila vidonge vile asiviguse tena. Magoti watayatafutia njia nyingine.

Mwanabaraka akatazama dirishani. Muhidin akavaa shati, akamwambia mkewe waende nyumbani.

"Nenda, bwana," akasema Immaculata. "Sanduku langu liko bandarini tangu asubuhi. Sikutaka kuondoka Mwanza naitwa mlozi, ndiyo maana nikangoja namba."

Akamshukuru dresa, akajifunga kanga vizuri, akatoka. Muhidin hakumfuata. Alibaki benchi lile lile, anafunga vifungo pole pole.

"Nani alimbebea sanduku?" akauliza.

Nilikuwa nimelibeba mimi, kabla ya alfajiri, yeye amelala. Nikainama kufunga kiatu changu. Nilipoinuka, Muhidin alikuwa ananitazama bado.