Aliyeijua Bahari

Nashon alitangaza safari ile akiwa bado anatafuna. Ndivyo alivyokuwa. Mambo makubwa aliyasema mdomo umejaa, na madogo, kama vile nani kahamisha kofia yake, aliyaitishia kikao. Basi jioni moja ya Februari, mwaka wa pili tangu Uhuru, akiwa amekaa nyumbani kwa mke wake mdogo, Helen, na mke mkubwa, Awino, naye yupo, akasema kwamba likizo ya shule ya Aprili wangekwenda kuiona bahari. Rafiki yake Okemwa, waliyesoma naye mambo ya uvuvi, alikuwa amehamishiwa Malindi na kupewa nyumba ya serikali hatua chache kutoka ufuoni. Aprili Okemwa angekuwa kwao Kisii. Nyumba ilikuwa yao kwa wiki nzima.

Kisha akamgeukia Awino. "Mikayi," akamwita, kwa jina ambalo Waluo humpa mke wa kwanza, "hapa wewe ndiye unayeijua bahari. Tupangie."

Jamani, maneno mengine mtu huyasema hivi hivi tu, na mwingine akayabeba kama mtungi uliojaa. Awino aliyabeba hayo mpaka nyumbani kwake, akayalalia, akaamka nayo.

Kwa sababu ni kweli aliijua. Baba yake alikuwa kuli wa bandarini Mombasa, na yeye alikulia Makupa, katika nyumba ya vyumba sita na familia sita, ambako mtu hakuweza kupiga chafya asiombewe afya na jirani. Maji yakipwa, akina mama waliwachukua watoto mpaka kwenye mwamba kutafuta pweza. Alipopata umri wa kuolewa akaletwa huku, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, na bahari hakuiona tena. Hata Kiswahili chake kilikosa kazi. Nyumbani walisema Kijaluo, sokoni walisema Kiswahili cha kukata bei, na alipothubutu kusema kile chake watu walimcheka, eti anajifanya Mwarabu. Akakifungia ndani. Alikitoa tu dukani kwa Kultum, mke wa Noordin mwenye duka, mzaliwa wa Lamu, ambaye alimwita shoga na kumwekea kiti.

Nyumba yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote bomani, imesimama katikati, ikitazamana na lango kama desturi inavyotaka, na ndani hamna mtu. Mtoto wake wa pekee alikufa kabla hajajifunza kutambaa. Watoto wanne wa Helen walimwita Mama Mkubwa, walikuja kula kwake na kumchafulia mkeka, lakini giza likiingia walirudi kwa mama yao, na baba yao alikuwa huko huko. Nashon hakuwa mume mbaya, tusimsingizie. Hakupiga, hakutukana, sukari na mafuta ya taa alileta sawa kwa sawa. Ila alimsahau, kama unavyosahau kwamba una mgongo mpaka siku unapouma.

Basi akapanga, na alipanga haswa. Aliwaambia nini cha kubeba na nini cha kuacha. Unga wa mtama wabebe, maana wa huko hawangeupenda. Samaki wakavu wabebe, kikapu kizima, kwa ajili ya majirani wa Okemwa, ili wasionekane wamekuja mikono mitupu. Aliwafundisha watoto kwamba matumbawe yanaonekana kama maua lakini yanakata kama chupa, na kwamba kuna vidude vyeusi vyenye miiba ambavyo havimfuati mtu, mtu ndiye anayevikanyaga. Teresa, binti mkubwa wa Helen, alitaka kujua kama samaki wa huko kweli wana rangi ya manjano. Awino akamwambia wapo wa manjano, wapo wa buluu, na wapo waliovaa vyote viwili kama wanakwenda harusini. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu watu wamsikilize hivyo.

Kwa sababu ya matumbawe walihitaji viatu vya raba. Awino akapima miguu ya kila mtu kwa uzi wa katani, akaufunga kila uzi fundo lake, akaenda nazo kwa Kultum. Kultum alizipanga kaunta nzima, akauliza ule wa mwisho ni wa nani.

"Ni wangu," Awino akasema, akacheka hata akaona haya. Kultum akampiga kofi la furaha begani, akamwagiza salamu nyingi kwa bahari.

Sasa ngoja niseme jambo moja, maana nikilinyamazia mtanilaumu. Katika wiki zile zote Nashon hakusema hata siku moja kwamba Awino anakwenda. Na Awino hakuuliza hata siku moja. Aliona ni aibu kuuliza. Mke wa kwanza aombe kuchukuliwa kama mtoto wa kufikia? La hasha. Alitaka aambiwe, hata kwa neno moja tu, hata mdomo ukiwa umejaa. Kila jioni alilingoja neno hilo, na kila jioni alijiambia kwamba haliji kwa sababu halina haja ya kusemwa.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Machi ikapita ardhi ikiwa ngumu kama sakafu, na watu wakaanza kuongea kwa sauti za chini. Ilipokuja, ilikuja siku tatu kabla ya safari, mvua ya kweli, ya kujaza mitaro. Na mvua ikija, mtu hupanda.

Lakini kwa Waluo mbegu hazitoki ovyo. Mume hulala kwa mke wa kwanza, kukicha mke huyo hupanda mstari wa mwanzo, ndipo mke mwingine aguse jembe. Anayeruka zamu huita chira, ile laana inayokondesha watoto mpaka inawachukua. Nashon alikuwa mzee wa kanisa na alisoma somo kila Jumapili, lakini katika hili hakuthubutu kucheza.

Kwa hiyo akaja. Awino alijua kwa nini amekuja, hakuwa mjinga. Hata hivyo moyo wake ulipiga hesabu nyingine, na wala haikuwa hesabu mbaya: kesho tunapanda, mstari ukishatoka vibarua watamaliza mashamba yote mawili, na mimi nitakuwa huru kusafiri. Akampikia ngege, samaki wa ziwani, kwa nazi, nazi aliyoitafuta kwa Kultum. Nashon akala akarudia. Akauliza bahari inanuka vipi, na kama ni kweli maji yake huondoka yakarudi, maana yeye, mtu wa ziwa, maji aliyajua yakikaa mahali pake. Awino akamweleza. Walizungumza kama watu waliooana juzi. Alilala akiwa na furaha, na nasema furaha bila kupunguza.

Asubuhi Nashon alitungua kibuyu cha mbegu kutoka darini, akakiweka mlangoni pamoja na jembe.

"Ukishatoa mstari," akasema akifunga kamba za viatu, "vibarua waanzie la Helen. Na uwaangalie kwale, wiki ya kwanza ndio wanachimbua mbegu. Usiende mbali."

Awino alikuwa amekwisha inama kuokota jembe. "Wiki ya kwanza si tutakuwa Malindi?"

Nashon aliinua uso. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kuchekesha, akatabasamu kwa upole kabisa.

"Lakini wewe, Mikayi, bahari si umeshaiona?"

Akatoka. Alikuwa na kazi ofisini.

Awino alisimama na jembe lake. Pembeni mwa shamba Helen alikuwa tayari anangoja, mtoto mgongoni, maana bila mstari wa Awino hakuwa na ruhusa ya kupanda hata kunde. Hapo Awino akaona kitu ambacho hakuwahi kukifikiria: angeweza kukataa. Angeweza kurudi ndani, akafunga mlango, na boma zima lingekaa na njaa mwaka mzima kwa sababu ya mlango wake. Alikiona vizuri, na kilimvutia, tusidanganyane. Kisha akamwona yule mtoto mgongoni mwa Helen, anakula vidole vyake.

Akapanda. Shimo, punje, udongo, mguu. Alilia pia, machozi ya hasira, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na matope. Alipofika mwisho wa mstari akamwambia Helen apande, iwe heri.

Helen alikuwa ameona. Mchana alimfuata, akamwambia alidhani wote wanakwenda, kwamba hata yeye bahari anaiogopa na alitegemea atakuwa naye, kwamba atazungumza na Baba Teresa. Awino akamkataza. Alisema jambo la kuombewa hataki. Helen akabaki pale mlangoni, hajui aweke wapi mikono yake, mwishowe akaenda.

Siku ya safari Awino aliwasindikiza gatini, kikapu cha samaki wakavu kichwani. Meli ya Kisumu ilikuwa inapakia, na kutoka Kisumu wangepanda treni. Wenzake Nashon wa ofisi ya samaki walikuja kumuaga, maana si kila siku karani anakwenda kupumzika Malindi kama Mzungu. Mmoja wao, Elkanah, mtu mzima mwenye adabu, alimwona Awino anatua kikapu na hana mzigo mwingine. Akamuuliza kwani yeye haendi na wenzake.

Nashon alimwahi. "Huyu? Tumembembeleza, amekataa. Anapenda shamba lake kuliko bahari."

Watu wakacheka, kicheko cha kawaida, cha kumsifu. Wote walikuwa wakimtazama Awino wakimngoja naye acheke ili mambo yaishe. Ilikuwa kazi ndogo sana. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu aolewe, na kuachwa angeweza kukumeza, kama alivyomeza mengine. Lakini kuambiwa kwamba alibembelezwa! Kwamba lile neno alilolingoja jioni zote zile lilitamkwa, na yeye ndiye aliyelitupa!

"Sikukataa," akasema. "Sikuitwa."

Hakupaza sauti. Aliyasema kwa Kiswahili chake cha Makupa, taratibu, kila neno likasikika mpaka kwa mabaharia. Elkanah akaanza kuchunguza kamba za meli. Helen akainamisha kichwa. Nashon alifungua mdomo, safari hii haukuwa na kitu ndani, akaufunga.

Honi ikalia. Watoto wakamkumbatia miguuni, Teresa akaahidi kumhesabia samaki wa manjano, wakapanda mbio wakisukumana. Helen alichukua kikapu, akamshika mkono kwa nguvu, akapanda. Nashon alipanda wa mwisho na hakugeuka. Watoto walipunga mikono mpaka wakawa hawaonekani, na Awino akawapungia mpaka mkono ukamuuma.

Alidhani moyo ungekuwa mwepesi baada ya kusema. Haukuwa. Wale wa ofisini walimpisha njia kwa heshima kubwa, kwa namna wanavyompisha mfiwa. Alikuwa amesema ukweli mbele ya watu kwa mara ya kwanza katika ndoa yake, na ukweli huo haukumpa hata mtu mmoja wa kurudi naye nyumbani. Mawingu yalikuwa yanajikusanya tena juu ya ziwa. Akajifunga leso kichwani, akashika njia, maana kwale walikuwa hawana mtu wa kuwafukuza.