Kopo la Bluu na Lebo ya Ng'ambo

Kwa miaka thelathini na moja mzee Karai alikaanga viazi bila kujua mkewe alikuwa akivinyunyizia nini. Jina la Karai alipewa na wafanyakazi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mbali na karai kwa zaidi ya muda wa kunywa chai. Mkewe walimwita Mama Siri, ila si mbele yake. Kila Jumatatu mama huyo alijifungia stoo, akasaga mambo yake, akatoka na kopo la bluu lililojaa unga wa rangi ya udongo. Unga huo ndio uliofanya krispi zao zigombewe madukani. Karai aliwahi kuuliza mara moja, mwaka wa kwanza wa ndoa. Akajibiwa kwamba aliyeolewa ni mke, si kopo. Hakuuliza tena.

Leo kopo lilikuwa juu ya meza ya ofisi, katikati yao watatu.

Binti yao wa pekee, aliyeshika makaratasi ya kiwanda, alikuwa amepata mnunuzi ng'ambo: kontena moja la majaribio, na likipokewa vizuri, moja kila mwezi. Karibu kila kitu kilikuwa tayari. Maabara ilikwishapima mafuta na chumvi. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilipigwa kwa mtindo wa kule, na maelezo kwa lugha ya kule. Hata krispi zilizokolea rangi zilichambuliwa na kutengwa, kwa sababu kule kahawia iliyozidi wanaiogopa. Jambo hilo lilimuudhi Karai, aliyeamini kwamba hizo ndizo zenye utamu.

Ulibaki mstari mmoja wa lebo. Binti alikuwa ameandika "viungo vya mama", kama ilivyo kwenye pakiti za hapa nyumbani. Asubuhi mnunuzi akairudisha: kila kilichomo kitajwe kwa jina, na vile vinavyowadhuru watu wenye aleji vipigwe wino mzito. Orodha ifike kabla ya saa kumi alasiri, la sivyo nafasi ya melini atapewa mwingine.

Mama Siri alikataa katakata. Alisema akianika siri yake kwenye pakiti, mwezi ujao kila mwenye jiko atakuwa na kiwanda. Tena wanaozila krispi zake miaka yote hiyo wamepatwa na nini, zaidi ya kurudi kununua nyingine? Karai alitikisa kichwa kumuunga mkono, kisha akalikumbuka kontena, akakitikisa tena kivingine.

"Baba, uko upande gani?" binti aliuliza.

"Niko kwenye kiti."

Binti hakucheka. Alifungua mkoba wake, akatoa sindano ya dawa iliyofanana na kalamu nene, akaiweka mezani. Akawaeleza jambo ambalo hakuwa amewaambia. Mwaka jana, kwenye maonyesho ya vyakula alikompata mnunuzi huyu, hakuumwa tumbo kama alivyosema. Aliuma mkate wakati wa kifungua kinywa, na kabla chai haijamiminwa koo likawa limeziba. Alizinduka hospitalini. Daktari alimpima, akamwambia ni ufuta, na kwamba asitembee tena bila sindano hiyo.

"Niliwaficha kwa sababu mngenikataza kusafiri," alisema. "Na mbele ya ile mikate kulikuwa na kikaratasi, mama. Kilisema kilichomo. Mimi ndiye sikukisoma."

Mkono wa Mama Siri, uliokuwa juu ya kopo, uliondoka kama ulioguswa na moto.

"Ufuta tu? Au na vingine?"

"Ufuta tu."

Mama aliketi. Kisha kwa ncha ya kidole akalisukuma kopo polepole, mbali na binti, mpaka mwisho wa meza.

"Usiliguse, mwanangu. Nusu yake ni ufuta."

Ng'ambo ya ua mashine ya kukata viazi iliendelea kunguruma. Akilini Karai alimwona binti yake akiwa na miaka saba, midomo imevimba, macho yamefumbana. Yeye na mkewe walisema ni manyoya ya paka wao. Karai mwenyewe alimtia paka guniani, akampeleka mbali, na mtoto akamfuata akilia hadi langoni. Aliporudi akambembeleza kwa pakiti ya krispi, za moto, zilizotoka karaini saa ile. Kesho yake mtoto akavimba kuliko kwanza. Karai akasema manyoya yamebaki kwenye godoro, akalichoma godoro. Mtoto alipokwenda shule ya bweni akapona, nao wakaisifu hali ya hewa ya huko. Aliporudi akiwa mtu mzima hakuzigusa tena krispi, akisema harufu ya mafuta imemshibisha. Kwa miaka mingi jambo hilo lilimkera baba yake, kwamba mtoto wa kumzaa haonji kazi yake.

"Paka hakuwa na kosa," alisema.

"Baba, hamkujua."

"Nilikupa mimi. Kwa mkono huu."

Mama Siri akaanza kutaja taratibu: pilipili manga, kitunguu saumu cha kukaushwa, bizari, ufuta. Binti aliandika, na neno la mwisho akalipiga wino mzito. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu. Kidole chake kilikuwa kimekaribia kutuma orodha pale mama alipouliza lori lililo uani linapakia nini.

Binti alisema ni maboksi mia mbili ya maduka ya hapa.

"Na pakiti zake zimeandikwaje?"

"Viungo vya mama."

"Na watoto wa hapa hawavimbi?"

Karai alikwishasimama. Alivuka ua bila kutazama lilipo karai lake, akamwambia dereva ashushe mzigo wote. Dereva alicheka, akidhani ni utani wa mzee, akauliza krispi zimeharibika nini.

"Hazijaharibika," Karai alisema. "Hazijasema kilichomo."

Akapanda nyuma ya lori, akalishusha boksi la kwanza mwenyewe.