Makoti Thelathini na Nane

Mimi ni dobi. Mwaka wa ishirini na mbili huu nafua nguo za watu, na nguo haziwezi kunidanganya. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba yaliyotokea kanisani kwetu sikuyaona yakianza. Niliyaona, nikanyamaza, na makoti mengine niliyapiga pasi mwenyewe.

Chanzo ni fundi seremala. Alishikwa na kifua akabaki kitandani, na mkewe akaja ibadani na koti lake, akalitandaza kwenye kiti ili mtu asije akamkalia mumewe nafasi. Mchungaji wetu ana adabu kupita kiasi. Hawezi kuona kitu kimekaa asikisalimie. Akasema, "Tunamshukuru Mungu kwa ndugu yetu seremala, ambaye leo amewakilishwa na koti." Tukapiga makofi. Hapo ndipo tulipoharibu.

Jumapili iliyofuata yalikuja makoti manne. Muuza mikate alikuwa na usingizi, mwalimu alikuwa na wageni, seremala bado alikuwa anakohoa, na fundi saa hakuwa na sababu yoyote ila koti alikuwa nalo. Katibu, mtu wa kufuata utaratibu, akaandika kwenye daftari: watu hamsini na saba, makoti manne. Baada ya mwezi aliona kuwatenganisha ni ubaguzi, akawa anajumlisha.

Mambo yakanoga. Koti halichelewi, halisinzii, wala halimteti jirani wakati wa mahubiri. Koti la kijivu la fundi saa lilichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi kwa kura zote, kwa kuwa halikuwahi kugombana na mtu. Kiongozi wa kwaya aliyaweka mawili kwenye besi, akasema tangu hapo besi imetulia. Mchungaji naye alihubiri saa nzima juu ya ubaya wa kuacha kukusanyika, akiinyooshea kidole safu ya tatu, na makoti yakalipokea neno bila kununa.

Ningeendelea kucheka kama si mume wangu. Tumbo lilimwangusha, daktari akasema atapasuliwa Jumatatu asubuhi, na mimi nisali. Nisali! Nilikuwa nimesali wiki nzima mpaka maneno yameniishia. Nikipiga magoti peke yangu, kilichonijibu ni hofu yangu mwenyewe. Nilitaka kitu kimoja tu: Jumapili nisimame mbele ya watu, niseme mume wangu anapasuliwa kesho, na watu waniombee kwa midomo yao.

Nikafika kanisani. Watu tulikuwa wanne: mchungaji, katibu, bibi mmoja asiyesikia vizuri, na mimi. Makoti yalikuwa thelathini na nane.

Nilisimama hivyo hivyo, nikaeleza. Mchungaji akasema, "Kanisa, tumwombee dada yetu." Akaomba. Akasema amina, katibu akasema amina, bibi akauliza nani amekufa. Makoti yalikaa kimya.

"Usihuzunike, dada," katibu alininong'oneza, akinionyesha daftari. "Umeombewa na arobaini na mmoja. Wewe sikukuhesabu."

Nililisukuma daftari kando. Nilipita safu moja baada ya nyingine nikiyakusanya makoti yote, la mwenyekiti likiwa la kwanza.

"Mama, unafanya nini?" mchungaji aliuliza.

"Nafanya kazi yangu. Hawa wote ni wateja wangu."

Nikaazima mkokoteni, nikayapeleka kwangu, nikayaning'iniza kwenye kamba chumba kizima, kisha nikakaa mlangoni juu ya ndoo niliyoipindua.

Habari zilifika kila nyumba kabla ya saa nane mchana. Watu walioshindwa kutembea asubuhi sasa walikuja mbio. Fundi saa alitangulia.

"Mama Dobi, nasikia umeliteka koti langu."

"Sijaliteka. Liko kwenye maombi. Ukilitaka, ingia ulisubiri ndani."

Hakucheka. "Litamaliza lini?"

"Mkitimia wote."

Chumba changu kinatosha watu kumi. Waliingia zaidi ya thelathini, wakisukumana katikati ya makoti yaliyoning'inia, wakinung'unika kwamba nimepandwa na wazimu. Halafu kikatokea kitu nisichokitarajia: wakaanza kuonana.

"Mwalimu, mbona umekonda hivyo?" muuza mikate aliuliza.

"Nilimzika mama mwezi uliopita."

Muuza mikate akashika mdomo. Miezi minne koti lake lilikuwa linakaa bega kwa bega na koti la mwalimu, na hakuna lililompa mwenzake pole. Akamkumbatia pale pale chini ya kamba, wakalia wote wawili. Seremala, ambaye kumbe alipona zamani ila aliona haya kurudi kwa kuwa koti lake lilikuwa linasifiwa kuliko yeye, akaanzisha wimbo kwa ile sauti yake mbaya. Watu wakamfuata. Besi haikutulia hata kidogo, na mimi nilifurahi mpaka nikashangaa.

Wimbo ulipoisha fundi saa akanigeukia. "Na kwako, Mama Dobi? Mzee hajambo?"

Nilitaka kumwambia nilishasema asubuhi, aliulize koti lake. Nilishindwa. "Anapasuliwa kesho," nikasema. "Naogopa. Naogopa sana."

Wakanizunguka. Waliomba wote kwa mpigo, kelele tupu, mmoja akinikanyaga kidole, mwingine akinipumulia kitunguu shingoni. Mtu mmoja alikosea akamwombea mume wa mwenye duka la jirani. Sijawahi kuombewa ovyo namna ile, wala sijawahi kuombewa vizuri kama siku ile. Hofu haikuondoka, lakini sikuwa nayo peke yangu.

Waliyachukua makoti yao, wakayavaa, wakaenda zao. Nilidhani yameisha.

Asubuhi nilipofika hospitali, benchi la nje ya chumba cha upasuaji lilikuwa limejaa. Muuza mikate alikuwa amefika kabla hajafungua duka. Mwalimu alikuwa ameomba ruhusa. Fundi saa alikuwa anawaelekeza watu wasogee nipate pa kukaa, na pa kukaa hapakupatikana, ikabidi tupokezane. Tulingoja saa tatu, tukizungumza mambo ya upuuzi, na kila nilipoutazama ule mlango kulikuwa na mtu wa kunishika mkono.

Mlango ukafunguliwa. Nesi akatoka na karatasi, akataja jina la mume wangu. "Familia yake ni nani hapa?"

Tukasimama watu kumi na mmoja.

Alitutazama mmoja mmoja, na kwa kweli hatufanani hata pua. "Nimesema familia tu," alisema. "Wengine wakae."

Hakuna aliyekaa.