Kamba ya Watu wa Kuja

Mwenyekiti wa soko la Kyimo, bwana Godwin, alialikwa Ujerumani na kanisa, akarudi na koti zito na ustaarabu. Koti lilimfaa, baridi ya Rungwe haina mchezo. Ustaarabu aliupigilia ubaoni.

Huko walimpeleka nyumba ya makumbusho wakamwonyesha sheria za kale za mji wao, walizowawekea Wayahudi: wasinunue mpaka wenye mji wamalize, wasiguse matunda, wasimame watakapoambiwa. Wenyeji walizionyesha kwa aibu. Godwin alizipiga picha kwa furaha. Alipokaa kuziandika upya, neno Wayahudi lilimkwamisha kidogo, maana Kyimo hayupo hata mmoja. Akaweka "watu wa kuja", kazi ikaendelea.

Basi Jumatatu Nurdin, mchuuzi wa ndizi, akakuta kamba ya manila imefungwa mbele ya mikungu ya ndizi.

"Wewe nyuma ya kamba mpaka saa nne," Godwin akamwambia. "Na usiguse."

"Wa kuja kutoka wapi, mwenyekiti? Nimezaliwa Tukuyu."

"Babu yako alitoka Kilwa."

"Na amelala makaburini Tukuyu tangu sijazaliwa. Bado hajafika tu?"

Watu wakacheka. Kamba ikabaki palepale.

Nurdin alinunua ndizi za kupeleka Mbeya, na asiyeziminya hununua hasara. Lakini ilipofika saa nne hakukuwa na cha kuminya. Mikungu minene ilikuwa imeshapakiwa kwenye gari la mnunuzi mwingine, mwenye mji halisi, jina lake Godwin. Atupele, aliyemuuzia Nurdin tangu wakiwa vijana, alijaribu kumfichia michache; akaambiwa atanyang'anywa meza. Mwisho dereva wa gari la Mbeya akamwambia Nurdin wazi: Jumatatu ijayo kama huna mzigo, nafasi yako nampa mwingine.

Jumatatu hiyo ndiyo wageni wa Godwin walifika kutoka Ujerumani. Aliwapeleka moja kwa moja kwenye ubao, kifua mbele.

"Haya tumejifunza kwenu!"

Mmoja wao alikuwa mama mzee, muuguzi wa zamani huku kwetu, anasoma Kiswahili vizuri. Alisoma, akarudia, uso ukawa mwekundu. Alikwenda akasimama nyuma ya kamba, kando ya Nurdin.

"Mama, hapana!" Godwin akaruka. "Wewe njoo huku."

"Mimi nimekuja juzi. Saa nne bado."

"Wewe ni mgeni wetu! Kamba ni ya hawa."

"Hawa akina nani?" Atupele akadakia, soko zima lisikie. "Aliyeshuka kwenye ndege juzi anapita, aliyezaliwa hapo Tukuyu hapiti. Hebu tueleze, tata mwenyekiti."

Godwin akapekua mifuko ya koti kana kwamba jibu limo humo. Wageni wengine wakatafsiriwa maneno ya ubao, nao wakahamia nyuma ya kamba. Nurdin, mtu wa adabu, akasogea kuwapa nafasi.

"Karibuni, wageni wenzangu. Ila msiguse kitu."

Godwin akabaki upande wa pili na ndizi zake. Mwishowe akafungua kamba kwa mkono wake, akisema ilikuwa ya kuzuia mbuzi.

"Na ule ubao," Atupele akauliza, "mbuzi wanausoma?"

Nurdin akaingia. Mkungu wa kwanza wa kununua alishauona tangu akiwa nyuma ya kamba. Hata hivyo alipita kwenye yote, akiminya ndizi moja baada ya nyingine, hata zile ambazo Godwin alishazitenga kando, taratibu kabisa, na dereva anapiga honi barabarani.