Kelele za Kutosha

Kila Jumamosi saa kumi alasiri, mfumaji wa zamani alifika na kiti chake cha kukunja, akakiweka mbele ya spika ya kushoto, pale pale iliposimama mashine yake namba kumi na saba kabla kiwanda cha nguo hakijawa ukumbi wa muziki wa roki. Mlinzi wa mlangoni alimgongea muhuri mkononi kama wengine.

"Shikamoo, bibi. Leo ni wale wa magitaa makali. Masikio yatastahimili?"

"Marahaba. Masikio niliyaacha humu humu, mwanangu. Nimekuja kuyatembelea."

Historia ya jengo ilibandikwa karibu na vyoo: miaka thelathini ya kufuma mashuka, moto uliosababishwa na uzembe wa wafanyakazi, miaka arobaini ya njiwa, halafu muziki. Mfumaji hakuisoma. Alikuja kumngoja dada yake.

Dada alitokea pale fundi sauti alipofikisha kelele kiwango cha mashine mia mbili. Alisimama kwenye nguzo ya mwisho na aproni yake, akiwa na miaka ile ile ishirini na sita aliyokufa nayo. Mashabiki walisogea pembeni ili aone jukwaa, ingawa hakuwahi kulitazama. Mlinzi alishajaribu kumgongea muhuri. Wino haukushika, akaacha.

Wafumaji hawakuwahi kusikilizana kwa masikio. Mashine ziliwafundisha kusomana midomo, hata mtu akiwa nguzo tano mbali. Basi ndugu hao wakapiga soga kama zamani, mkubwa akiwa sasa mdogo kwa miaka arobaini.

"Umezeeka wewe!"

"Ulitaka nikusubiri?"

"Mama hajambo?"

"Mama tulimzika miaka mitatu baada yako."

"Mbona hajanipitia?"

Wimbo uliisha, dada akatoweka. Ukaanza mwingine, akarudi. Nyimbo za mapenzi, zile za taratibu, mfumaji alizichukia kupita kiasi. Watu walikumbatiana, na yeye alikaa mikono mapajani akimkosa dada yake upya.

Kulikuwa na swali moja, na kila Jumamosi alilizunguka. Kiwandani, asiyetaka kusemeshwa aligeuza mgongo tu. Asubuhi ya moto walikuwa wamegombana nyumbani kuhusu nani ampeleke mama hospitali, na zamu nzima alimpa dada mgongo. Moshi ulipoingia, jirani wa mashine alimvuta hadi mlango wa mbele. Baadaye aliambiwa kwamba nyuma yake dada alikuwa akimsemesha bila kuchoka. Miaka arobaini na minne hakujua alichosemeshwa, na hilo lilimkondesha kuliko uzee.

Jumamosi moja bendi ilipiga wimbo wa dakika kumi na moja. Akauliza.

"Nilikuwa nakuita," dada alisema. "Twende wote mlango wa nyuma. Ndio uliokuwa karibu."

Mlango wa nyuma msimamizi aliufunga kwa mnyororo, watu wasitoroke kabla ya zamu kwisha. Walikutwa hapo kumi na mmoja.

"Ningekuja," mfumaji alisema.

"Najua. Ndiyo maana nashukuru ulininunia."

Mfumaji alilia waziwazi. Msichana aliyesimama karibu alimpa kitambaa, akasema hata yeye wimbo huo humliza.

Jumatatu alilisoma bango la historia kule vyooni, akaenda kwa meneja wa ukumbi kuomba uzembe ufutwe, uandikwe mnyororo. Meneja alimpa kiti na soda, akamsikiliza hadi mwisho. Bango, alisema, lilishachapishwa, tena kwa rangi. Na mnyororo yeye hakuuweka kwa ubaya. Bila huo vijana wangeingia bila tiketi.

"Kwani bado upo?"

"Ni ule ule, mama. Chuma cha zamani, hakijashika hata kutu."

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa hadi ukutani. Kelele zilipofikia kiwango, dada hakuja peke yake. Wote kumi na mmoja walijipanga mbele ya mlango wa nyuma na aproni zao, wakilitamka neno moja kwa midomo mipana, taratibu, kama walivyozoea kumsemesha mfanyakazi mgeni: fungueni. Vijana waliokuwa karibu nao walidhani wanaimba kibwagizo. Wakainua mikono, wakaimba nao.